Kisanduku cha Ukurasa wa Tatu

Kwa miaka thelathini na minne, mwanamke aliyeitwa Nukta alisoma kila neno la jarida moja la wanawake kabla halijaenda mtamboni, na hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kumjua. Kazi ya kusoma prufu ndivyo ilivyo. Ukiifanya vizuri huonekani. Ukikosea unaonekana peke yako.

Jina hilo alipewa na wapanga kurasa mwaka wake wa pili kazini, siku aliposimamisha mtambo wa kuchapa kwa sababu ya nukta iliyokosekana mwishoni mwa tangazo la sabuni. Mtambo ulikaa kimya dakika arobaini. Mchapaji mkuu alimfuata mpaka mezani, mikono imejaa wino.

"Dada yangu, watu wanaenda kuiogea hiyo sabuni. Hawaendi kuisoma."

"Sentensi haijaisha," akajibu.

Tangu siku hiyo jina lake la nyumbani likabaki nyumbani, na baada ya mumewe kufariki na mwanawe kuhamia nchi nyingine, hata nyumbani hakubaki wa kuliita.

Alistaafu miaka sita iliyopita, akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, na wiki tatu baadaye akapigiwa simu arudi. Hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo kila toleo lilipokuwa tayari alipanda ngazi za jengo lile lile, akapita duka la miwani la ghorofa ya kwanza, akaingia chumba kilichobaki. Zamani jarida lilikuwa na vyumba saba. Sasa lilikuwa na kimoja na nusu, hiyo nusu ikiwa stoo ya matoleo ya zamani. Meza yake iliwekwa karibu na dirisha. Juu yake palikuwa na rula ya chuma, kalamu nyekundu mbili na kikombe ambacho hakuna aliyethubutu kukitumia.

Jarida lilipungua taratibu. Lilikuwa na kurasa themanini, likaja na sitini na nne, kisha arobaini na nane, kisha thelathini na mbili. Lilitoka kila mwezi, halafu kila miezi miwili, halafu kila miezi mitatu. Nukta aliujua upungufu huo kwa mkono kabla ya kuujua kwa macho, maana bahasha ya prufu ilikuwa ikimjia nyepesi kila mara.

Mambo mawili yalilitofautisha jarida hilo na mengine. La kwanza ni ukurasa ulioitwa "Wa Kwanza". Kila toleo lilimweka hapo mwanamke aliyetangulia wenzake katika kazi fulani: aliyepima ardhi, aliyepuliza filimbi ya refa, aliyerusha ndege, aliyeshika kisu cha upasuaji. Wasomaji walikuwa wakiukata ukurasa huo na kuubandika ukutani.

La pili lilikuwa dogo zaidi. Mama aliyelianzisha jarida aliagiza kwamba chini ya ukurasa wa tatu kiwepo kisanduku cha Masahihisho, na kisikosekane hata pasipokuwa na la kusahihisha. Mwezi usio na kosa, kisanduku kiliandikwa: "Katika toleo lililopita hatukupata kosa." Kisanduku kilikuwa mali ya Nukta. Msomaji akilalamika, Nukta alilitoa jalada la toleo hilo, akalinganisha kilichochapishwa na karatasi zilizokuwamo, yaani mswada wa mwandishi na maelezo ya mpigapicha. Vikitofautiana, jarida liliomba radhi. Vikilingana, alimjibu msomaji kwa barua ya heshima. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na aliifuata bila kuipindisha mpaka miaka miwili iliyopita, nafasi ya kisanduku ilipouzwa kwa tangazo la magodoro.

Jumanne moja asubuhi Mhariri alimsubiri mlangoni. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, wa nne kushika kiti hicho, na katika ofisi ile yeye ndiye pia aliyekuwa akipokea simu na kununua balbu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwenye msiba?"

"Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hili ni la mwisho."

Nukta aliweka mkoba mezani. Akauliza kurasa ngapi.

"Thelathini na mbili. Kumi na mbili ni za Wa Kwanza. Nimechagua wanawake thelathini, sura na mistari miwili miwili. Nataka tufunge nao."

"Mtamboni lini?"

"Alhamisi saa sita mchana. Ukurasa wa tatu bado sijaumaliza, hizo nyingine ndizo hizi."

Akakaa, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza.

Kusoma mistari miwili kwa Nukta hakukuwa kusoma mistari miwili. Kwa kila mwanamke aliingia stoo, akatoa toleo la zamani, akalinganisha. Saa nane mchana alifika kwa dereva wa treni. Toleo lake lilikuwa la miaka ishirini na saba iliyopita. Picha ilijaza ukurasa mzima: wanawake wawili vijana wenye makoti ya sare mbele ya kichwa cha treni, wanacheka. Maelezo chini yake yalisema, kutoka kushoto, ni dereva, na rafiki yake mkaguzi wa tiketi. Ile sura ya kushoto ndiyo Mhariri aliyoikata na kuiweka katika toleo la mwisho. Ni sura iliyojulikana sana. Shirika la reli liliwahi kuitia kwenye kalenda, na baadaye mchoraji akaichora ukutani pale stesheni, kubwa kuliko mlango.

Nukta aliisoma makala yote, ingawa hakutakiwa. Katika aya ya tano mwandishi alikuwa ameandika hivi: "Sare ya kike haikuwepo. Walipewa makoti ya kiume, wakakunja mikono mara mbili."

Akaitazama picha tena. Mama yake Nukta alikuwa fundi cherehani, naye alikua akipanga vifungo kabla hajajua kusoma. Koti la kiume lina mfuko mdogo kifuani upande wa kushoto wa mvaaji, na vifungo vyake vimeshonwa kulia. Kwenye picha, wanawake wote wawili walikuwa na mfuko kulia kwao na vifungo kushoto kwao.

Alikaa na picha hiyo nusu saa. Kisha akaomba ruhusa, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo Mhariri hakuwahi kuliona.

Kabatini kwake limebaki koti moja la marehemu mumewe. Mengine aliyagawa. Alilivaa, akafunga vifungo, akasimama mbele ya kioo na lile jarida mkononi, picha ikimwelekea yeye. Koti la kwenye kioo na makoti ya kwenye picha yalikuwa sawasawa. Mfuko ulikuwa upande ule ule. Vifungo vilikuwa upande ule ule.

Simu ikalia. Mwanawe hupiga kila Jumanne saa kumi na moja, akitoka kazini huko aliko.

"Mama, umeshindaje?"

"Vizuri. Nimevaa koti la baba yako."

"Kuna baridi huko?"

"Hapana. Nalinganisha."

"Mama, unaumwa? Sema kweli."

"Siumwi, mwanangu. Kuna picha iligeuzwa."

"Picha gani?"

"Ya zamani. Wewe ulikuwa darasa la tatu."

"Mama," alisema mwanawe kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo huku anaongea, "hilo jarida si nilisikia linakufa? Watu wanasoma kwenye simu siku hizi. Pumzika." Akaaga kwa upole, kama aagavyo siku zote. Simu ilichukua dakika mbili na sekunde kumi.

Kilichotokea si kigeni kwa watu wa uchapaji wa enzi ile. Filamu ya picha ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Ukiilaza upande usio wake wakati wa kutengeneza bamba la kuchapia, kila kitu kinageuka. Wa kushoto anakwenda kulia, wa kulia anakwenda kushoto. Kinga ilikuwa moja tu: tafuta maandishi ndani ya picha, yakisomeka kinyumenyume umekosea. Picha ile haikuwa na maandishi. Namba ya treni ilikuwa imefunikwa na bega la mmoja wao. Mpigapicha aliandika kwa usahihi nyuma ya picha, kutoka kushoto, dereva na mkaguzi. Nukta alilinganisha maelezo na karatasi ya mpigapicha, neno kwa neno, akaweka alama ya kukubali. Hakuna aliyemuuliza dereva sura yake ni ipi.

Kwa hiyo sura iliyokuwa kwenye kalenda na kwenye ukuta wa stesheni ilikuwa ya mkaguzi wa tiketi. Na sasa ilikuwa njiani kuchapishwa tena, mara ya mwisho, katika toleo lisilo na toleo la kulisahihisha.

Mpigapicha alishafariki. Mwandishi wa makala hakujulikana alipo. Jumatano asubuhi Nukta alikwenda stesheni, akaanza na mtu anayejua watu, yaani muuza magazeti.

Kibanda chake kilikuwa na chaja, miwani ya jua, vocha na soda. Magazeti yalikuwa manne, yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Nukta alitaja jina la jarida.

"Mama, zamani nilikuwa napokea mia mbili, zinaisha kabla ya saa tano," alisema. "Sasa naletewa nakala mbili. Moja nairudisha."

"Na ya pili?"

"Ya pili ina mwenyewe. Mama Honi. Aliwahi kuwa dereva wa treni, watu wanasema. Mimi nilidhani dereva ni huyo hapo." Akaelekeza kidevu kwenye ukuta uliochorwa. "Lakini wajua watu. Kila mtu hapa stesheni alikuwa mtu fulani zamani."

"Anakaa wapi?"

"Fuata reli mpaka kivuko. Geti la kijani. Usimgongee kwa nguvu, atadhani ni fundi wa maji, atakutukana bure."

Nukta alipiga hodi kwa vidole viwili.

"Nani?"

"Natoka kwenye jarida."

Komeo likavutwa. Kisha mlango ukafunguliwa na mwanamke mrefu aliyeinama kidogo kiunoni, miwani imefungwa uzi. Alimtazama mgeni kuanzia viatu.

"Mmechelewa," alisema. "Lakini ingia. Treni nazo huchelewa."

Chumba kilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa kimechakaa mikononi. Cha pili kilikuwa bado na plastiki ya dukani. Mama Honi alimkaribisha kwenye cha plastiki, nacho kikapiga kelele Nukta alipokaa. Kando ya ukuta, kutoka mlangoni hadi miguuni mwa kitanda, majarida yalipangwa kwa mwaka na kufungwa kwa kamba. Mafungu ya mwanzo yalikuwa manene. Yale ya karibu na kitanda yalikuwa membamba kama daftari.

Nukta alilitoa lile toleo, akalifungua kwenye picha, akaliweka mezani kati yao.

"Dada, naomba unioneshe wewe ni yupi."

Mama Honi hakutazama. Aliweka kidole kulia.

"Jina langu, sura ya mwenzangu," alisema. "Mwanzoni tulicheka sana. Yeye akawa ananiita Jina, mimi namwita Sura. 'Sura, umekula?' 'Bado, Jina.' Tukafanya hivyo mpaka kalenda ilipotoka."

"Hakusema kitu?"

"Alisema. Alikwenda mpaka kwa mkubwa wa stesheni. Akaambiwa picha imetoka kwenye jarida, na jarida lile halikosei, kila mwezi linaandika lenyewe. Kwanza alikataa. Halafu akachoka kukataa. Halafu wajukuu wakazaliwa, wakaikuta picha ukutani. Wewe ungemwambia mtoto wa miaka minne kwamba bibi yake alikuwa anatoboa tiketi?"

Nukta alishusha macho kwenye ile picha.

"Mwaka juzi tulimzika. Akasimama mzungumzaji, akasema hapa amelala mwanamke wa kwanza kuendesha treni. Mimi nilikuwa mstari wa tatu. Nikaitazama miguu yangu."

"Kwa nini hukutuandikia?"

Hapo ndipo Mama Honi alipovua miwani. Aliinuka, akafungua fungu la kwanza kabisa, akachomoa bahasha iliyokuwa imelazwa ndani ya toleo la juu. Akamkabidhi. Ilikuwa karatasi yenye nembo ya jarida, imepigwa taipu, safi. "Asante kwa barua yako. Tumelinganisha ukurasa uliochapishwa na karatasi zote zilizomo katika jalada letu, na hatukuona kosa. Tunakushukuru kwa kutusoma." Chini yake palikuwa na saini.

"Jina hilo ni lako?"

"Ni langu."

"Nilidhani hivyo, ulivyokaa kwenye kiti kama mtu anayekagua kiti." Akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani. "Uliandika vizuri. Haina kosa hata moja. Nilipoisoma nilikwenda kwenye kioo nikajitazama. Nikasema, labda kweli."

Nukta alikuwa amejibu barua nyingi kama ile katika maisha yake ya kazi. Hii hakuikumbuka. Alijaribu, akiwa amekaa pale kwenye plastiki, kuukumbuka hata mwezi alioiandika, akashindwa. Alisema samahani. Sauti ilitoka ndogo, akairudia.

"Tangu siku hiyo nimenunua kila toleo," Mama Honi aliendelea, kama hakusikia. "Nafungua ukurasa wa tatu kwanza. Hatukupata kosa. Hatukupata kosa. Mwezi mmoja mliandika vijiko vinne vya chumvi badala ya kimoja, mkaomba radhi kwa mistari mitano. Nikasema, kumbe chumvi ina haki zake. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta makaratasi." Akayaonesha kwa mkono. "Kisanduku kilipoondolewa nikajua basi. Lakini miguu ilishazoea kibandani."

"Toleo la mwisho linakwenda mtamboni kesho mchana," Nukta alisema. "Niambie unataka nini."

"La mwisho?"

"La mwisho kabisa."

Mama Honi aliitazama ile picha kwa mara ya kwanza tangu ifunguliwe.

"Nataka picha hiyo hiyo, igeuzwe ikae sawa. Usiniletee mpigapicha anipige na haya makunyanzi, sura niliyopoteza ni ya siku ile. Na nataka kisanduku. Mahali pake." Akaigusa ile sura ya kushoto. "Na mwenzangu asiaibishwe. Hakuiba. Alipewa."

"Nitakuletea nakala mwenyewe."

"Usiniletee. Nitanunua."

Mhariri alisikiliza habari yote akiwa amesimama, simu mkononi. Picha haikumsumbua. Wangeinakili ile ya zamani nzima kwa skana, wangeigeuza kwa kompyuta, dakika kumi.

"Tutaibadilisha kimya kimya, mama. Nani atakumbuka?"

"Mmoja anakumbuka."

"Basi maelezo tuweke kwenye tovuti. Huko nafasi haina mwisho, andika hata kurasa kumi."

"Hana tovuti. Ana kibanda."

"Ukurasa wa tatu umejaa. Nusu ya juu ni magodoro safari hii, wameshalipia. Nusu ni kwaheri yangu."

"Niuone."

Mhariri alisita. "Ilikuwa iwe zawadi," alisema, akauchapa, akampa.

Chini ya barua ya kwaheri, mahali pale pale pa zamani, palikuwa na kisanduku. Ndani yake palikuwa na picha ya Nukta akiwa ameinamia rula dirishani, iliyopigwa bila yeye kujua, na mistari kumi na miwili juu ya mwanamke aliyewahi kusimamisha mtambo kwa ajili ya nukta. Kichwa cha habari kilikuwa "Wa Kwanza Kusoma". Nukta alikipima kwa rula: sentimita tisa kwa sita. Akasoma. Mwaka wake wa kuajiriwa ulikuwa umekosewa. Alikata tarakimu, akaandika iliyo sahihi pembeni, kwa mazoea, ndipo akapiga mstari mmoja mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

"Mama, jamani."

"Kinatosha," alisema Nukta. Alikuwa anasema juu ya sentimita.

"Hii ndiyo mara pekee wasomaji wangekuona."

"Wamekaa miaka thelathini na minne bila kuniona na jarida likauzwa."

"Lilikuwa likiuzwa," Mhariri alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Aliandika Masahihisho mara tano. Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno "kwa bahati mbaya", akalitoa. Ya pili ilisema mkaguzi "alidhaniwa" kuwa dereva, akaona inamwekea marehemu kivuli. Ya nne ilikuwa nzuri lakini haikutaja barua. Alhamisi saa tano na robo alikabidhi hii:

"Miaka ishirini na saba iliyopita tulichapisha picha ya dereva wa treni na rafiki yake mkaguzi wa tiketi ikiwa imegeuka, kushoto ikawa kulia. Kwa hiyo sura iliyojulikana tangu hapo kuwa ya dereva si yake. Dereva alituandikia kutueleza. Tulimjibu kwamba hatukuona kosa. Kosa la kuchapa lilikuwa letu, na la kujibu lilikuwa letu pia. Hakuna kati ya marafiki hao wawili aliyekosea. Picha sahihi iko ukurasa wa kumi na tisa. Tunaomba radhi."

Mhariri alihesabu mistari. Ilikuwa kumi na miwili.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Nukta alikuwa amesimama kando ya kibanda cha stesheni tangu saa mbili. Bahasha ilifika saa tatu. Ilikuwa na nakala mbili, kama kawaida. Saa tatu na nusu Mama Honi alitokea upande wa kivuko, anatembea taratibu, amevaa viatu vya kutokea.

"Umekuja kuhakikisha nanunua?"

"Nimekuja kununua na mimi."

"Leo nimeuza zote mbili!" muuza magazeti akashangilia. "Siku njema huonekana asubuhi."

Mama Honi alifungua ukurasa wa tatu papo hapo, amesimama. Alisoma bila haraka, midomo ikitembea. Alipomaliza alirudi juu akasoma tena. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Dereva alikuwa kushoto, mfuko wa koti upande wake, mikono imekunjwa mara mbili. Alimgeuzia muuza magazeti ukurasa, akauegemeza karibu na uso wake mwenyewe. Yule mtu alitazama ukurasa, akamtazama yeye, akautazama ukuta uliochorwa ng'ambo.

"Hee," alisema. "Sasa huyo wa ukutani ni nani?"

"Rafiki yangu. Mwacheni hapo hapo."

Alilikunja jarida, akalitia kwapani.

"Toleo lijalo nikuwekee, Mama Honi?"

Akamtazama Nukta. Nukta akatikisa kichwa.

"Hakuna lijalo," Mama Honi alisema. Alisimama pale muda kidogo, akivitazama vile vibanio vya nguo, chaja, miwani ya jua. "Sasa hapa nitakuwa nakuja kufanya nini?"

"Si uje ununue vocha?" muuza magazeti akamtania. "Wenzako ndio wanachonunua."

"Nimpigie nani?"

Muuza magazeti alicheka, kisha akaona kwamba si mzaha, akaanza kupanga soda zilizokuwa zimepangwa.

Nukta alifungua mkoba, akatoa kalamu. Alilichukua lile jarida kutoka kwapani mwa mwenzake, akafungua ukurasa wa tatu, akaandika namba yake ya simu kwa wino mwekundu pembeni mwa kisanduku. Aliisoma tarakimu kwa tarakimu kabla ya kumrudishia.

Mama Honi alipeleka macho kwenye namba, akafunga jarida.

"Nikikupigia," alisema, "usinijibu kwa barua."

Akaondoka kuelekea kivukoni. Nukta alimsindikiza kwa macho mpaka getini, halafu akaenda kituoni kusubiri basi la upande wake.

Imepita miezi miwili. Bahasha za prufu haziji tena, na chumba cha juu ya duka la miwani kimepata mpangaji mwingine. Koti limerudi kabatini. Jumanne saa kumi na moja simu ikilia, Nukta hutazama namba kwanza, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kupokea. Mpaka sasa ni ya mwanawe.